Siku Niliyosema Mnili Bandia Umekufa

Nyie mliobaki kitaluni mlikuwa mkinicheka. Mche ukikauka, mtu akaniuliza, "Mzee Khalfan, huu umekufa?", jibu langu lilikuwa moja tu: sijui, tuupe muda. Mkasema ni uvivu wa mtu anayengojea kustaafu. Huenda mlikuwa na haki kidogo. Sasa nimestaafu, nina daftari na asubuhi ndefu, basi nitaeleza jibu lile lilitoka wapi. Mimi si mwandishi. Shule niliiacha darasa la tano, na Kiswahili changu ni cha mama yangu, aliyekuja nacho huku Uarabuni kutoka Unguja, na mji mzima wa Ibra haukuweza kumnyang'anya. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Pengine bado sijasema sawasawa.

Kazi niliianza Ibra, kwenye shamba la mitende linalonyweshwa na falaji, ule mfereji wa kale ambao kila mtu ana zamu yake ya maji. Siku ya kwanza nilifika na viatu vipya. Nikaambiwa ning'oe magugu kwenye tuta fulani, nikang'oa kwa bidii mpaka adhuhuri. Kumbe nusu ya nilichong'oa kilikuwa majani ya kulishia mbuzi, yamepandwa kwa jasho la watu. Msimamizi, Saidi, Mwarabu wa Izki mwenye mdomo mkali, hakunipigia kelele. Alinivua viatu vyangu, akapanda navyo mtende, akavitundika juu kabisa. Akaniambia nitavipata siku nitakapoyajua majani. Nilikwenda miguu mitupu wiki tatu. Majani niliyajua.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na nitamtaja kwa wema. Alinionyesha kunoa mundu kwa jiwe la wadini, lile bonde la mto mkavu, na kusikiliza maji kwenye mfereji badala ya kuyatazama. Ukucha wa kidole gumba aliufuga makusudi. Pembeni mwa falaji kulikuwa na vichaka vitatu vya mnili wa asili, vilivyobaki tangu zama ambazo watu wakitia nguo rangi ya buluu wenyewe. Kila mwaka Saidi akivikata mpaka kisiki, na kila nilipodhani kavimaliza, alininyooshea kijiti na kukiparura gome kwa ule ukucha. Ndani kijani. Akasema kwa Kiarabu chake cha mkato: kijani, hai; kahawia, kuni.

Maneno hayo nilitembea nayo miaka zaidi ya thelathini. Hayakuwa ya uongo. Nataka hilo lieleweke kabla sijafika mbele, kwa sababu Saidi hayupo kujitetea.

Baada ya Ibra nilikwenda Mudhaibi kupanda maua ya barabarani. Kazi ile ni kupanda maua yakapendeza miezi minne, ukayang'oa, ukapanda mengine, na watu wote wanapita kwa gari hawayaoni. Sina la kusema zaidi. Kisha nikaingia kitalu cha Nizwa, hicho mnachokijua, na nikapewa pia bustani za majumbani, moja kila siku ya wiki.

Ya Jumamosi ilikuwa ya Bi Zuwena, juu mlimani, Jabal Akhdar. Unapita kizuizi cha polisi pale chini, wanatazama kama gari lako linavuta kwa magurudumu yote manne, ndipo unapanda. Nizwa mtu anatoka jasho, kule juu anatafuta koti. Bi Zuwena alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzaliwa wa Mkunazini kule Unguja, mjane, watoto wake wako Maskati. Akiishi na Mwanaidi, msichana wa kazi kutoka Tanga. Nasema msichana kwa mazoea. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mtoto kwao.

Bi Zuwena hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkali kama walimu wote waliozoea kusikilizwa mara ya kwanza. Zamu ya maji upande wake ilikuwa imepungua, magoti yake yamegoma kuinama, na mawaridi yake yalitaka kuhudumiwa kama bwana harusi. Siku moja aliniita barazani akasema, "Khalfan, nitafutie ua lisilotaka mtu. Nikifa lisimsumbue yeyote na ndoo."

Bosi wetu akaagiza mbegu za mmea wa nchi za baridi. Wataalamu wana jina lao refu. Sisi kitaluni tuliuita mnili bandia, kwa kuwa wazungu wa zamani waliutumia kutia rangi walipokosa mnili wenyewe. Maua yake ni ya buluu, yamepangana kwenye bua lililosimama kama mkuki, kila moja kama ua la kunde. Tuliambiwa sifa zake, kwamba ukishakamata ardhi hautaki mbolea, hautaki maji mengi, hautaki kupogolewa, na utakaa mahali pale pale miaka mingi kuliko aliyeupanda. Una masharti mawili. Maua yanaanza mwaka wa tatu, si kabla. Na usiuhamishe, kwa sababu mzizi wake unashuka moja kwa moja chini kama msumari, ukiukata umeukata roho.

Mbegu ni ngumu kama changarawe. Nilizisugua kwa msasa moja moja, nikazilaza kwenye maji ya moto, na hata hivyo nusu zikanikatalia. Zilizoota nilizipanda kwenye vipande virefu vya bomba la plastiki, ili mzizi upate kushuka. Jua la Nizwa likachukua nyingine. Miaka miwili nikailinda iliyobaki chini ya wavu wa kivuli kama mayai, na wakati wa baridi, ambayo Nizwa ni baridi ya kujisemea tu, ilipauka kidogo na kusimama. Ikabaki miche saba. Mwezi wa tatu nikaipandisha mlimani, nikaishusha kwenye mashimo ya kina cha mkono mzima, mbele ya baraza ya Bi Zuwena. Majani yake ya kijivu yakashika vizuri. Tukawa tunangojea mwaka wa tatu.

Sasa nafika mahali ninapopaogopa.

Januari ile baridi ilikuja kwa hasira. Jumamosi moja nikapanda, nikakuta barafu nyembamba kwenye ndoo za nje, na miche yangu yote saba imelala chini, myeusi kama iliyochomwa. Nikapiga goti. Nikaparura shina la kwanza kwa ukucha. Kahawia. La pili, kahawia. Nikapitia yote saba kutoka juu mpaka kwenye udongo, na yakawa yanakatika mkononi kama penseli. Bi Zuwena alikuwa amesimama na shali yake akingojea.

Nikasema, "Imekufa, Bi Zuwena. Yote."

Hakukuwa na mtu aliyenilazimisha kusema hivyo. Ningeweza kusema sijui. Lakini mtu aliyekaa kazini miaka mingi anaona haya kusema sijui mbele ya mwalimu.

Akaniuliza inawezekanaje miche saba ife kwa pamoja, baridi si huchukua mmoja ikaacha mwingine? Kisha akaniuliza kama nimewahi kumwona mtu akimwaga kitu pale. Hapo mtakuwa na maoni yenu, na mimi nina yangu, yanabadilika kila wiki. Nilikuwa nimeona. Miezi mitatu nyuma nilimwona Mwanaidi akimwaga ndoo ya maji ya kupigia deki kwenye ukingo wa tuta lile, na harufu ya dawa yake, klorini, ilinifikia. Nilimwambia asirudie, akasema samahani baba, wala sikumwona akirudia. Niliulizwa, nikasema nilichokiona. Nilisema pia kwamba ilikuwa mara moja. Lakini hilo la mara moja sikulisema kwa sauti ile ile.

Mwanaidi akaitwa. Akakubali pale pale, mara moja, upande wa kushoto, hakujua kama kuna mimea ya thamani. Bi Zuwena akasema, "Mara moja ni ile uliyoonekana."

Kulikuwa na jambo jingine kati yao, nami sikulijua vizuri mpaka siku hiyo. Desemba mama yake Mwanaidi aliumwa kule Tanga, akaomba ruhusa ya kwenda, Bi Zuwena akamwambia asubiri mpaka baada ya Ramadhani. Tangu hapo Mwanaidi alifanya kazi yote bila kusema neno lisilo la lazima. Kwa Bi Zuwena, kimya kile sasa kilipata maana. Kumbe ni chuki, na chuki imemwagwa kwenye maua. Mtu akishapata maelezo yanayokaa sawa, hayaachi upesi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshayaamini nusu.

Bi Zuwena akapiga simu kwenye ofisi ya wakala aliyemletea mfanyakazi, mbele yetu sote. Mwanaidi angeondoka Alhamisi, na pamoja naye karatasi inayosema ameharibu mali ya nyumba kwa makusudi. Mnaojua kazi za majumbani mnajua uzito wake. Kurudi nyumbani si msiba. Karatasi ile ndiyo msiba, kwa sababu hakuna nyumba nyingine, hapa wala kwingineko Ghuba, itakayomfungulia mlango.

Mwanaidi hakulia. Aliniangalia mimi, si Bi Zuwena, akaniuliza kwa upole, "Baba Khalfan, wewe ndiye fundi. Una hakika ni dawa yangu?"

Nikamjibu kwamba nina hakika imekufa. Hilo silo aliloniuliza.

Nikashuka mlima. Barabara ile ina kona ambazo hazimruhusu mtu kufikiri jambo jingine, na bado nilifikiri. Karibu na kizuizi cha polisi likanijia jambo la nanaa. Kwenye ukingo wa lile tuta, upande wa kushoto, Bi Zuwena amepanda nanaa ya chai. Maji ya ile ndoo yalipita juu ya nanaa kabla ya kufika kwingine. Nanaa ni mmea laini, klorini ingeimaliza kwanza. Na asubuhi ile nilikuwa nimeikanyaga kwa bahati mbaya nikasikia harufu yake. Ilikuwa hai, imesinyaa kwa baridi tu.

Basi kama si dawa, ni nini? Jumapili na Jumatatu nilikwenda kwenye bustani nyingine na mikono ikafanya kazi peke yake. Nilimwuliza bosi kama ile karatasi ya maelezo iliyokuja na mbegu ipo. Ilikuwa imetupwa zamani, nami wakati ilipokuwepo niliona aibu kumwomba anisomee yote, nikaridhika na maneno mawili matatu. Jumanne nikamweleza mke wangu. Akaniuliza swali la mtu asiyejua kilimo: "Umetazama chini?" Nikamwambia mmea huu hauchimbwi, ukichimbwa unakufa. Akasema, "Si umeshasema umekufa?"

Jumatano haikuwa siku ya Bi Zuwena. Nilipanda hata hivyo. Alinipokea mlangoni, hakuniambia karibu. Mezani nikaona tende, mkate wa dukani na maji ya chupa, na jikoni sufuria imefunikwa, haijaguswa. Sikuelewa wakati ule.

Nikamwambia nataka kuchimba mmoja.

"Kuchimba nini, Khalfan? Maiti?"

"Neno langu, Bi Zuwena. Nilisema imekufa bila kuuona mzizi. Na msichana anaondoka kesho kwa neno langu."

Nikamweleza habari ya nanaa. Nikamweleza pia, na hapa ulimi ulikuwa mzito, kwamba mzizi ukikutwa mzima nitakuwa nimeuua kwa mkono wangu, na itabaki sita. Na ukikutwa umeoza, basi sitakuwa na la kumtetea Mwanaidi. Ni lazima nimtendee haki Bi Zuwena: angeweza kukataa, maana ni bustani yake na alikuwa ameshaamua. Alisema, "Chimba ule wa kushoto kabisa. Ule alioumwagia. Usinichagulie ulio rahisi."

Nilianza saa tatu. Sikutumia sururu, niliogopa kuuvunja. Nilichimba kwa koleo dogo mpaka kiwiko, kisha kwa vidole. Udongo wa kule una mawe ya chokaa, kila jiwe nililitoa peke yake. Mwanaidi alikuwa akianua nguo kwenye kamba, na nilijua anahesabu kila ninapoinama. Hakusogea karibu. Mzizi ulikuwa mweusi kwa nje. Mweusi kwa nje ndio mzizi uliooza ulivyo. Nikaunusa, harufu ya udongo tu. Nikafuata kwenda chini, unene wa kidole, ukaendelea chini, mkono wangu ukazama mpaka begani na bado sijaona mwisho wake. Nikajua siwezi kuutoa mzima. Nikachukua kisu nikaukata.

Ndani ulikuwa mweupe kama muhogo, na umelowa utomvu.

Nikapangusa udongo pale juu, kwenye shingo ambapo mashina yalikatika. Kulikuwa na machipukizi manne, ya rangi ya waridi, yamejikunja, madogo kama meno ya mtoto yanayotaka kutoka. Yalikuwa yamekaa pale tayari, yakingoja mwezi wa tatu. Mnili wa Saidi ni kichaka, huishi kwenye kijiti. Huu hurudi ardhini kila baridi, ukaacha vijiti vyake vife. Ukucha wangu ulikuwa ukiuliza mahali pasipo na jibu. Kitaluni Nizwa, kwa baridi ile ya kujisemea, haukuwahi kulazimika kulala, kwa hiyo sikuwahi kuuona umelala.

Nilikiweka kile kipande chenye machipukizi kwenye kiganja nikampelekea Bi Zuwena barazani. Alivaa miwani. Aligusa chipukizi moja kwa ncha ya kidole kama linalouma. 

Kisha akasema, "Mwite."

Mwanaidi akaja, bado ana vibanio vya nguo mkononi. Bi Zuwena alisimama, na kusimama kwake si kazi ndogo. Akasema, "Mwanaidi, nimekudhulumu. Hukuua kitu. Hakijafa kitu." Mimi nikasema aliyedhulumu wa kwanza ni mimi, kwa kusema nisilolijua na kwa kusema nililoliona. Bi Zuwena akanikatiza, akasema kila mtu abebe lake. Akapiga simu kwa wakala pale pale, akafuta aliyoyasema, akataka iandikwe kwamba mfanyakazi wake hana kosa lolote. Alilirudia mara mbili, kwa sauti ya darasani, mpaka yule wa upande wa pili akamsomea alichoandika. Tiketi ya Alhamisi, akasema, iahirishwe mpaka mwenyewe Mwanaidi atakapotaka.

Mimi nikapumua. Nikadhani tumemaliza.

Mwanaidi akasema, "Ahsante, Mama. Nimekusamehe, wallahi. Lakini tiketi isiahirishwe."

Bi Zuwena akamwuliza kama ni kwa ajili ya mama yake, akamwambia aende amwone, kisha arudi. Mwanaidi akatikisa kichwa.

"Siku nne nimepika humu ndani, Mama, hujala. Unanusa, unafunika. Na wewe baba Khalfan, Jumamosi nilikuletea chai, ukasema huna kiu. Hujapata kukosa kiu kwangu tangu nikujue."

Ni kweli. Nilikuwa sijaliandika, nilidhani nitaweza kulipita. Ile Jumamosi, baada ya simu, aliniletea chai ya maziwa kama kawaida, nami niliuangalia mkono wake, nikafikiria ile ndoo ya dawa, nikasema sina kiu. Kiu nilikuwa nayo. Nilisimama njiani kununua maji.

Najua mtaniuliza habari za maua, basi niyamalize. Mwezi wa tatu ile miche sita ilichipua, machipukizi mazito ya zambarau yakitoboa udongo, na mwezi wa nne ikatoa maua. Ni ya buluu kweli. Nyuki wanayapenda, mbuzi hawayataki, na tangu hapo sijayapa zaidi ya maji ya mara mojamoja wakati wa joto kali. Mkipanda, wekeni kijiti cha alama ili mjue umelala wapi wakati wa baridi, na msiseme umekufa kabla ya mwezi wa nne. Huo ndio ufundi wenyewe, haujazi hata ukurasa.

Lakini Alhamisi ile nilipanda tena mlima alfajiri, kwa sababu niliomba mimi ndiye nimshushe Mwanaidi mpaka Nizwa, kwenye gari la Maskati. Sanduku lake lilikuwa mlangoni. Karatasi ya wakala, ile safi iliyofika jana yake jioni, alikuwa ameikunja ndani ya pasipoti. Nilipoingia, Bi Zuwena alikuwa amesimama jikoni kwa magoti yake yale mabovu, amejishikilia kwenye meza, akipika chai. Tulimsikia akiangusha kifuniko, Mwanaidi akainuka kumsaidia, akaambiwa kaa.

Alileta vikombe vitatu kwenye sinia. Hakutugawia. Aliiweka mezani akakaa, akachukua kikombe kimoja yeye mwenyewe akanywa kwanza, kisha akatusogezea sinia. Mimi nikanywa, na ilikuwa tamu kupita kiasi, maana si kazi yake. Mwanaidi alikishika chake kwa mikono miwili, akakitazama.

Akakinywa chote bila kukinusa. Akasimama, akaviosha vikombe vyote vitatu, akavipanga, ndipo akachukua sanduku lake.